Mlango Unaotazama Wanale

Stoo ya kahawa ya Bi Nabifo imefungua kinywa mashariki.
Saa mbili kasorobo jua huchungulia juu ya jabali la Wanale,
humwagika barabarani, huingia hadi kwenye mizani,
na kamera ya zamani, ile ya juu ya rafu,
hupofuka.
Kila aingiaye huwa mkaa:
mkaa wenye kofia, mkaa wenye ndoo,
mkaa unaouliza habari za asubuhi.

Mkaa mmoja, Jumanne ya wiki ya malipo,
ulibeba sanduku la fedha za wakulima wa Bufumbo
ukatoka nalo, ukayeyuka katika weupe.

"Msafishe," aliniambia Bi Nabifo. "Si wewe ndiye fundi?
Ongeza mwanga. Nitolee uso."
Akagusa skrini kwa ukucha, penye bega la kushoto lililoshuka.
"Bega hili ni la Masolo."

Nikajaribu kumweleza.
Ndani ya kamera, mama, mna vikombe,
mamilioni, vidogo kuliko vumbi la maganda ya kahawa.
Kila kimoja hukinga mwanga kama mtungi chini ya paa.
Mvua ikizidi, kikombe hufurika,
na kilichofurika hakijui kilinyeshewa kiasi gani:
debe moja, madebe mia, kwake yote ni meupe.
Na vile vilivyoelekea usoni pa mtu, upande wa giza,
vilipata tone. Tone na chenga.
Nikiongeza mwanga nazidisha chenga.
Uso hautatoka humo, mama.
Haukuingia.

Hakunisikia. Alitaka jina.
Mimi nikakaa na bisibisi mkononi nikihesabu
wapagazi saba waliopita mlango huo saa hiyo hiyo,
gunia la kilo sitini kila mmoja,
mabega saba ya kushoto yameshuka.

Masolo alikuwa ameshafukuzwa.
Kofia yake ilibaki msumarini.

Nikafunga kamera mpya, hii yenye kihisi cha mwanga mpana.
Jina linatisha, kumbe kazi yake ni moja:
hutazama mara mbili.
Kwanza kwa kupepesa, kwa ajili ya jua,
hata Wanale ionekane na maporomoko yake ya maji;
halafu kwa kukodoa, kwa ajili ya kivuli,
mpaka vifungo vya shati vihesabike.
Kisha hushona kutazama kule na kutazama huku,
huchukua mlima wa hii na uso wa ile,
na yote hayo kabla hujamaliza kusema "mu".

Ina kasoro, sikumficha.
Anayekimbia katikati ya kutazama kuwili
huacha mzimu: kiwiko cha ziada, uso wenye kingo mbili.
"Kwa hiyo anayekimbia usimhukumu," nikasema.
Alicheka kwa pua. Labda hakucheka.

Kesho yake tulisimama mbele ya skrini, chai inapoa.
Jua likapanda. Mlango haukulipuka.
Aliingia Wepukhulu, na kovu lake kwenye nyusi.
Akaingia Khaukha, unga wa mandazi mdevuni.
Akaingia kijana nisiyemjua, macho mekundu ya kukosa usingizi.
Saba. Nyuso saba, na nyuma yao mlima
wa kijani, mzima, kana kwamba haujawahi kufutwa.
Na kila bega la kushoto limeshuka.

Bi Nabifo aliwahesabu kwa midomo bila sauti.
Akahesabu tena.
Akanilipa, noti moja moja, hakuomba punguzo,
na hilo kwake si jambo dogo.

Nilikuwa nakunja nyaya nilipomwona kwenye skrini:
anaelekea mlangoni, jua limemkabili,
kofia ya mtu mikononi, anaipangusa vumbi,
anaipangusa tena pale pale.
Akageuka kidogo kumwita mtunza stoo,
jua likabaki kisogoni,
na uso wake ulionekana wote. Sikuzoea kuuona hivyo.

Akavuka kizingiti.
Kamera yangu inaishia kwenye mtaro.
Masolo anakaa Namakwekwe.